Safisha maandishi ya watu kabla ya kuyaonyesha

Januari 2008, damu ilipokuwa ikimwagika Kenya, Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi, tovuti iliyopokea taarifa za raia na kuziweka kwenye ramani. Mlango wa namna ile una kheri nyingi, ila mwenye nia mbaya naye aweza kuupitia. Badala ya habari huleta HTML yenye skripti ndani. Anayeifungua, kivinjari chake hutii amri asiyoiona, na mgeni huingia kwa jina lake. Siku kama zile, kujulikana nani ameripoti nini ni jambo la uhai.

Wengi huandika orodha ya yaliyokatazwa. Mimi siiamini. Mwaka 2005 MySpace walilizuia neno "javascript". Samy Kamkar akalikata likakaa mistari miwili, na baadhi ya vivinjari vya wakati ule vikalisoma zima. Siku haikwisha, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameathirika.

Andika orodha ya yanayoruhusiwa: aya, herufi nzito, viungo vya https. Mengine yatupwe, onclick na ndugu zake wakiwamo. Chujio usijitungie, HTML ina vichochoro kuliko Mji wa Kale; chukua DOMPurify, au HTML Purifier kwa wenye PHP, na uweke matoleo mapya kila yatokapo. Kusafisha kwenye kivinjari cha mtumaji pekee hakutoshi, maana aweza kukikwepa akatuma moja kwa moja kwenye seva. Na kama taarifa haihitaji mapambo, usiruhusu HTML kabisa: kila < igeuzwe &lt; wakati wa kuonyesha.