Majaji wa Arusha na Haki ya Mpakani

Ardhi ilipo miji ya Busia na Malaba ya upande wa Kenya ilihesabiwa kuwa Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza walipoumega Mkoa wa Mashariki wa himaya hiyo na kuutia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1926 amri ya London ikaupitisha mpaka kwenye mito ya Sio, Malaba na Lwakhakha, Wateso na Wasamia wakajikuta huku na huku. Hata hivyo rufaa za juu za pande zote mbili ziliendelea kwenda Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ambayo enzi za ukoloni majaji wake waliteuliwa na serikali ya Uingereza. Mahakama hiyo ilikufa na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Wakazi wa mpakani walihukumiwa kwa miaka mingi bila kuwa na usemi juu ya anayewahukumu, na nashikilia kwamba kasoro hiyo ingalipo, ila sasa makao yake ni Arusha.

Nchini Kenya usemi huo ulipatikana kwa kushindania. Januari 2011 Rais Mwai Kibaki alimpendekeza Alnashir Visram awe Jaji Mkuu bila jina kupitia Tume ya Huduma za Mahakama. CREAW na mashirika mengine ya kiraia yakaenda Mahakama Kuu, Jaji Daniel Musinga akasema katiba imekiukwa, na pendekezo likaondolewa. Tume ikatangaza nafasi, ikawahoji waombaji hadharani, na Willy Mutunga akashika wadhifa. Mwaka 2021 mahojiano yaliyomleta Martha Koome yalirushwa moja kwa moja kwenye runinga. Mkazi wa Malaba aliyasikia maswali na majibu sawa na wakili wa Nairobi.

Lakini riziki ya mpakani haiongozwi na sheria za Nairobi peke yake. Ushuru wa lori linalovuka Malaba, na mahindi ya mama anayevuka Busia, viko chini ya sheria ya forodha ya mwaka 2004 ya Jumuiya ya sasa na itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza 2010. Serikali ikivunja Mkataba wa Jumuiya hiyo, mkazi yeyote anaweza kuishtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Majaji wake huteuliwa na wakuu wa nchi kutokana na majina yanayopendekezwa na serikali zilezile zinazoshtakiwa; Mkataba haudai tangazo, mahojiano wala nafasi ya raia kupinga jina. Hatari yake ilionekana mapema. Novemba 2006 mahakama hiyo ilizuia wabunge wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Afrika Mashariki, katika kesi ya Anyang' Nyong'o na wenzake. Upesi marais wakaubadili Mkataba: wakaongeza sababu za kumwondoa jaji, na wakampa mlalamikaji miezi miwili tu ya kufungua kesi. Kwa mchuuzi anayelazimika kwanza kutafuta wakili, miezi miwili ni kama mlango uliofungwa. Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki kilipinga, na mwaka 2008 mahakama ikakubali kwamba wananchi walipaswa kushirikishwa, ingawa iliyaacha mabadiliko yasimame.

Wapo wanaosema kumhoji jaji hadharani humfanya aogope umma na wanasiasa. David Maraga alihojiwa hivyo kabla ya kuwa Jaji Mkuu mwaka 2016, na mwaka uliofuata mahakama aliyoiongoza ikafuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uwazi haukumzuia Rais Uhuru Kenyatta kuwakataa kwa miaka miwili majaji waliopendekezwa na Tume mwaka 2019. Kweli, haukumzuia. Ila kwa kuwa majina yalijulikana, kesi zilifunguliwa na madai hayakuzimika: 34 waliapishwa Juni 2021, na sita waliobaki Septemba 2022. Jina lililokataliwa faraghani halina wa kulitetea. Wengine watasema Arusha ni shauri la mataifa, na kwamba Mkataba haubadilishwi kwa matakwa ya Busia. Hauhitaji kubadilishwa. Unataka tu majina yapendekezwe na nchi wanachama, na kila nchi imeachiwa njia ya kuyapata. Kenya inaweza kuyapitisha kwenye mahojiano ya hadhara kama inavyofanya kwa Mahakama ya Juu, na Seneti, ambamo Busia inawakilishwa tangu 2022 na Okiya Omtatah, mtu aliyejulikana kwanza kwa kesi zake za kutetea katiba, ni mahali panapofaa kulidai hilo.