Mtoro na Mateka: Hifadhi ya Waliokimbia Utumwa katika Pwani ya Kenya, 1873–1907

Neno mtoro limepungukiwa na uzito wake. Siku hizi akitajwa mtoro, aghlabu msikilizaji humfikiria mtoto aliyekosa kwenda shule. Lakini katika karne ya kumi na tisa, neno hilo lilikuwa la sheria na la mali: mtoro alikuwa mtumwa aliyemwacha bwana wake pasipo ruhusa, na popote alipokwenda bwana wake aliendelea kuhesabiwa kuwa mwenyewe. Tulitazame vema jina lenyewe. Mkimbizi huitwa kwa tendo la miguu yake. Mtoro huitwa kwa upande wa yule aliyeachwa nyuma.

Katika mwambao wa Kenya palikuwa na jina la pili, nalo ni mateka, ambalo huko lilipata maana ya pekee. Mkataba wa tarehe 5 Juni, 1873, baina ya Uingereza na Sultani Barghash bin Said wa Unguja, ulikataza kusafirisha watumwa baharini ukafunga na masoko yao. Watu waliokamatwa majahazini na manowari za Kiingereza walipaswa kupewa mahali pa kukaa, na kwa ajili hiyo chama cha Church Missionary Society kilianzisha mji wa Frere Town mwaka 1875, bara ya Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Hao ndio mateka. James Mbotela, katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934, alisimulia habari zao, na kwa sababu ya kitabu hicho wasomaji wengi wa Kiswahili wanawajua mateka kuliko watoro.

Walakini mkataba ule haukugusa utumwa wa nchi kavu. Mtu aliyeokolewa chomboni alikuwa huru. Nduguye aliyekwisha shushwa Malindi na kupelekwa katika mashamba ya mtama na ufuta alibaki mtumwa kwa sheria. Akikimbia, hapakuwa na manowari ya kumpokea. Ikumbukwe kwamba pengine wote wawili walikuwa Wayao au Wanyasa wa kijiji kimoja, na tofauti yao ilikuwa siku tu ambayo jahazi lilionekana au halikuonekana.

Watoro hawakungoja misheni iwafungulie mlango. Wengi walikimbilia Witu, ambako Ahmed Simba wa ukoo wa Nabahani aliwapokea na kuwafanya watu wake, akipata kwao nguvu ya kushindana na Unguja. Wengine walijenga Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, chini ya uongozi wa David Koi, Mgiriama aliyeingia Ukristo. Mji huo ulichukiwa sana na wenye mashamba, na David Koi aliuawa mwaka 1883. Yafaa tuseme wazi kwamba hifadhi ya kwanza ya watoro ilitolewa na watu wa nchi hii wenyewe, wengine kwa imani, wengine kwa manufaa yao, na mara nyingi kwa yote mawili.

Rabai ndipo jambo hili lilipofikia upeo wake. Kituo hicho kilianzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846, na katika miaka ya 1880 kazi yake kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa William Jones. Yeye mwenyewe alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni, akaokolewa, akasomeshwa Bara Hindi, akarudi Afrika mwaka 1864. Balozi wa Kiingereza huko Unguja, John Kirk, aliwaonya wamisionari wasiwahifadhi watumwa wa watu, kwa maana kufanya hivyo ni kuvunja sheria ya nchi iliyowakaribisha. Wako watoro waliorudishwa. Hata hivyo mashamba ya Rabai yaliendelea kujaa watu ambao hawakuulizwa sana wametoka wapi. Si ajabu kwamba mtu wa mfano wa Jones hakuwa mwepesi wa kuwauliza.

Mwaka 1888, ilipoingia Mombasa kampuni ya Imperial British East Africa, wenye watumwa walikuwa wameghadhibika hata amani ya mji ikawa mashakani. George Mackenzie, mkuu wa kampuni, alihitaji urafiki wao. Akawaandikisha watoro waliokuwa katika vituo vya misheni, wapatao 1,400, akakubali kuwalipa mabwana riale 25 kwa kila mmoja, yaani jumla yapata riale 35,000. Tarehe 1 Januari, 1889, hati za uhuru ziligawanywa Rabai.

Siku hiyo imesifiwa mara nyingi, na kwa waliopokea hati ilikuwa furaha ya kweli. Mwanahistoria hana haki ya kuidharau. Lakini tuangalie kilichotendeka. Malipo yalimhesabu mtoro kuwa mali iliyopotea, ambayo mwenyewe alistahili fidia. Hakuna aliyetamka kwamba mtu aliyekimbia mateso asirudishwe kwa aliyemtesa. Kwa hiyo hati ile ilimlinda aliyeishika peke yake. Mtoro aliyefika Rabai juma lililofuata, mwenye makovu yale yale, alikuwa mtoro kama wa jana, na bei yake haikuwa imelipwa na mtu. Wako watakaosema kwamba Mackenzie hakuwa na njia nyingine bila vita. Yamkini ni kweli. Ila ni jambo moja kusema njia nyingine haikuwapo, na ni jambo jingine kuiita njia hiyo hifadhi.

Hata hali ya utumwa ilipofutwa kwa sheria katika pwani hiyo mwaka 1907, fidia iliwekwa kwa ajili ya mabwana. Waliofanya kazi mashambani hawakuwekewa kitu.

Kanuni iliyokosekana Rabai iliandikwa baadaye kabisa: katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na kwa Afrika katika mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba, 1969. Mkataba huu wa pili unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha, mwili au uhuru wake utahatarishwa, na unatamka kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, lisihesabiwe na nchi yo yote kuwa uadui. Balozi Kirk na mabwana wa Mombasa, kila mmoja kwa sababu zake, walikuwa wamelihesabu hivyo hasa. Katika tafsiri za Kiswahili anayelindwa na mikataba hiyo huitwa mkimbizi. Neno mtoro halikuchukuliwa.