Mpelelezi Asiye na Rafiki: Nambari na Hatari katika Riwaya ya Mark Haddon

Mwaka wa 1841 Edgar Allan Poe wa Marekani alichapisha hadithi ya mauaji ya Rue Morgue, na humo akaanzisha desturi iliyodumu: mpelelezi hajisimulii, husimuliwa na rafiki yake. Arthur Conan Doyle wa Uingereza akaifuata alipomwumba Sherlock Holmes na kumpa Daktari Watson. Rafiki huyu huziona dalili zote asijue maana yake, nasi twaduwaa pamoja naye. Taharuki huzaliwa hapo. Kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimpa Bwana Msa kiko na mwandani aitwaye Najum katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Asiyeona ujamaa wa Msa na Holmes hajasoma mmoja wao.

Mark Haddon aliivunja desturi hiyo mwaka 2003 katika The Curious Incident of the Dog in the Night-Time. Anwani imetoka kwa Doyle, katika "Silver Blaze" (1892), ambamo mbwa asiyebweka ndiye anayefichua siri. Kwa Haddon mbwa mwenyewe ndiye maiti: Wellington, mbwa wa jirani mjini Swindon, amechomwa kwa uma wa bustani. Anayepeleleza ni Christopher Boone, mvulana wa miaka 15, naye ndiye asimuliaye. Hana Watson wala Najum.

Ana nambari. Sura zake ni 2, 3, 5, 7, 11 hadi 233, yaani nambari tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. (Asomaye mara ya kwanza huenda akadhani nakala yake imenyofolewa kurasa.) Akiona magari manne mekundu yakifuatana, siku ni njema, yakiwa manne ya manjano, hali chakula cha mchana wala hasemi na mtu.

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu hatari hukimbilia London, pale Christopher anaposhuka kwenye reli za garimoshi la chini ya ardhi kumfuata panya wake, Toby. Tukio linatisha kweli. Lakini hatari iliyomfukuza Swindon ilikuwa nyumbani. Baba anayempikia ndiye aliyemwua mbwa. Ndiye pia aliyemwambia kwamba mamake amekufa, kumbe yu hai na barua zake zimefichwa kabatini. Hesabu ya kijana ni fupi: aliyemwua Wellington aweza kuniua nami.

Kinaya cha riwaya kimo humo. Christopher hasomi nyuso za watu, bali hunakili maneno yao jinsi yalivyotamkwa, nasi twashuku mapema kuliko yeye. Kazi ya upelelezi imehamia kwa msomaji. Msimulizi asiyeweza kudanganya amezungukwa na waongo wanaompenda. Ndiyo maana siafiki hoja kwamba msimulizi ni mtoto, basi hadithi ni ya watoto. Ilitolewa wakati mmoja katika matoleo mawili, la watu wazima na la vijana. Vilevile jibu linaloanza kwa kumpa Christopher jina la maradhi limeacha matini, kwani riwaya haimpi jina lolote la aina hiyo.

Afadhali mtahiniwa afuate nambari hadi mwisho. Baada ya yote, baba anaomba dakika 5 tu za kusema na mwanawe, na saa inategwa izihesabu.