Malipo ya miti: Mkulima wa Meru hupata nini?

Wazo la kuyalipa mataifa yanayostawi ili yahifadhi misitu lilifikishwa mbele ya mazungumzo ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 2005 na nchi za Papua New Guinea na Costa Rica. Huko Meru, jambo linalokaribiana nalo lilikuwa limeanza mwaka mmoja kabla, kupitia mpango wa TIST uliozaliwa Mpwapwa, Tanzania, mwaka wa 1999.

Wakulima wadogo hujiunga katika vikundi vya watu 6 hadi 12 na kupanda miti kwenye mashamba yao wenyewe. Wakaguzi huihesabu na kupima unene wa shina ili kukadiria hewa ya kaboni iliyofyonzwa, nayo huuzwa kwa kampuni za ng'ambo zinazotaka kufidia uchafuzi wao. Malipo ya awali yamekuwa senti 2 za dola ya Marekani kwa kila mti hai kwa mwaka; baadaye, asilimia 70 ya faida. Mwenye miti 500, basi, hupokea dola 10. Kuni na matunda humfaa zaidi!

Mwaka wa 2023, Kenya ilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi na kuagiza jamii zipewe angalau asilimia 40 ya mapato ya kaboni itokanayo na ardhi. Hata hivyo, agizo hilo lahusu ardhi ya umma na ya jamii. Mwenye shamba la kibinafsi Nchiru hategemei kifungu hicho, bali mkataba aliotia sahihi, unaomtaka aitunze miti kwa miaka mingi.