Jinsi wanajeshi wa zamani wa Marekani hudai gharama za matibabu ya kibinafsi

MTU aliyevaa sare za jeshi la Marekani na kwenda vitani huenda akaamini kwamba serikali italipa bili yake popote atakapotibiwa. Imani hiyo imewaponza wengi. Mgonjwa hukimbizwa katika hospitali ya kibinafsi, akapona, akarudi nyumbani, kisha baada ya wiki kadhaa barua ikamfikia: dai lake limekataliwa na deni lote ni lake.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni jinsi mfumo wenyewe ulivyoundwa. Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani, ijulikanayo kwa kifupi kama VA, si hazina ya bima kama ilivyokuwa NHIF au ilivyo SHA nchini Kenya. VA ina hospitali na kliniki zake zaidi ya 1,000, madaktari wake na maduka yake ya dawa, na takriban watu milioni tisa wamejisajili kuhudumiwa humo. Fedha zake zimekusudiwa kwanza kuendesha vituo hivyo. Kumlipia mtu aliyetibiwa kwingine ni jambo la ziada linaloruhusiwa na sheria kwa masharti, na sharti kuu ni kibali kabla ya matibabu.

(Wanajeshi waliotumikia miaka 20 au zaidi wakastaafu rasmi wana mpango mwingine, TRICARE, ambao una taratibu zake. Wengi wa wale wanaotegemea VA hawakufikisha miaka hiyo.)

Kibali hicho kilikuwa kigumu kupatikana hadi mwaka wa 2014, ilipofichuka kwamba katika hospitali ya VA mjini Phoenix, jimbo la Arizona, maafisa walikuwa wakificha orodha za wagonjwa waliosubiri kwa muda mrefu kumwona daktari. Bunge la Congress lilipitisha sheria mwaka huo huo, ikaruhusu aliyesubiri zaidi ya siku 30, au aliyeishi zaidi ya maili 40 (kilomita 64) kutoka kituo cha VA, atibiwe na daktari wa kibinafsi kwa gharama ya serikali.

Mpango huo ulikumbwa na matatizo mengi, yakiwemo madaktari kucheleweshewa malipo na kuwageukia wagonjwa wawalipe. Nafasi yake ilichukuliwa na sheria ya MISSION iliyotiwa sahihi Juni 6, 2018 na kuanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Chini ya sheria hiyo, mgonjwa anaweza kuelekezwa kwa daktari wa kibinafsi ikiwa safari ya kufika VA inazidi dakika 30 kwa huduma za kawaida na za afya ya akili, au dakika 60 kwa daktari bingwa. Kadhalika, anaweza kuelekezwa ikiwa angelazimika kusubiri zaidi ya siku 20 kwa huduma za kawaida au siku 28 kwa bingwa. Lakini hata aliyetimiza masharti hayo yote akaenda kwa daktari bila kuelekezwa na VA, atajilipia.

Dharura ndiyo inayoacha mlango wazi, na ndiyo inayozua ubishi mwingi zaidi. Anayeanguka ghafla kwa mshtuko wa moyo hawezi kusubiri kibali. Kwa hivyo VA hutaka ijulishwe katika muda wa saa 72 tangu matibabu yaanze. Taarifa inaweza kutolewa na hospitali, na mgonjwa mwenyewe au na jamaa yake. Ikitolewa kwa wakati, na mgonjwa akiwa anastahili, idara huweza kuyachukulia matibabu hayo kana kwamba iliyaidhinisha tangu mwanzo. Familia nyingi hudhani hospitali imepiga simu, nayo hospitali hudhani familia imefanya hivyo.

Saa hizo zikipita, zingalipo njia mbili za kisheria. Ikiwa dharura ilihusu ugonjwa au jeraha ambalo VA imekubali lilitokana na utumishi jeshini, dai linaweza kuwasilishwa katika muda wa miaka miwili. Njia hiyo pia iko wazi kwa mwenye ulemavu kamili na wa kudumu uliotokana na utumishi, hata kama dharura yenyewe ilikuwa ya maradhi mengine.

Ikiwa dharura haikuhusiana na utumishi, hutumika sheria iliyopitishwa mwaka wa 1999, ambayo ni kali zaidi. Muda wa kudai ni siku 90 pekee. Mgonjwa sharti awe amejisajili na VA na kutibiwa nayo angalau mara moja katika miezi 24 iliyotangulia. Sharti pia kuwe hakukuwa na kituo cha VA ambacho angeweza kukifikia kwa urahisi, na hali iwe ni ile ambayo mtu wa kawaida mwenye busara angeiona kuwa hatari kwa maisha au afya. Kipimo hiki cha mwisho humlinda mgonjwa: aliyekimbilia hospitali kwa maumivu makali ya kifua hapaswi kunyimwa malipo kwa kuwa uchunguzi ulibaini ni asidi ya tumbo.

Sheria hiyo ya 1999 ndiyo iliyoleta mvutano mahakamani. Awali, mwenye bima nyingine ya aina yoyote hakulipwa na VA hata senti moja. Congress iliirekebisha Februari 2010 ili VA ilipe pale ambapo bima nyingine imelipa sehemu tu ya bili. VA iliendelea kutumia kanuni ya zamani. Desemba mwaka huo, aliyekuwa mwanajeshi wa kikosi cha angani alipatwa na mshtuko wa moyo na kiharusi, akafanyiwa upasuaji, na bima ya wazee ya Medicare ikamwachia deni la takriban dola 48,000. VA ilikataa kumlipa. Aprili 2016, Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Wanajeshi wa Zamani iliamua kwamba idara ilikuwa ikikiuka sheria, na kanuni mpya zikatolewa Januari 2018.

Ushindi huo haukumaliza jambo. VA ilikataa kufidia sehemu ambayo mwenye bima hutakiwa kujilipia mwenyewe, kesi nyingine ikafunguliwa, na mwaka wa 2019 mahakama hiyo hiyo ikawapa wagonjwa haki. Machi 2022, mahakama ya juu yake ilibatilisha agizo hilo.

Je, makosa huwa ya nani? Mkaguzi mkuu wa VA alitoa jibu lisilopendeza Agosti 2019. Baada ya kuchunguza madai ya dharura yaliyokataliwa katika kipindi cha miezi sita mwaka wa 2017, alikadiria kwamba asilimia 31 yalikataliwa au kurudishwa isivyofaa. Walioathiriwa walikuwa takriban 17,400, na bili zao zilifika angalau dola milioni 53.3. Ripoti hiyo ililaumu hali ya kazi iliyotanguliza idadi ya madai yanayoshughulikiwa kwa siku kuliko usahihi wake. Aliyekataliwa basi hana sababu ya kuichukulia barua ya kwanza kuwa neno la mwisho. Tangu Februari 2019, ana mwaka mmoja wa kuchagua kati ya kuwasilisha ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie uamuzi, au kukata rufaa kwa bodi ya rufaa.

Kuhusu meno, milango ni michache zaidi. Kujisajili na VA pekee hakumpi mtu haki ya kung'olewa hata jino moja. Wanaohudumiwa kikamilifu ni wenye ulemavu wa asilimia 100 uliotokana na utumishi, waliowahi kuwa mateka wa vita, na wanaolipwa fidia kwa madhara ya meno waliyopata jeshini. Aliyetoka jeshini baada ya kutumikia angalau siku 90 anaweza kutibiwa mara moja, mradi aombe katika siku 180 na cheti chake kisiwe kinaonyesha kwamba alishatibiwa meno yote kabla ya kuondoka. Makundi mengine ni madogo. Aliyebaki nje anaweza kununua bima ya meno ambayo VA imepanga na kampuni za Delta Dental na MetLife, akilipa ada mwenyewe. Anayekwenda kuwekewa meno ya bandia kwa daktari wa kibinafsi akitumaini kurejeshewa pesa baadaye kwa kawaida hupoteza wakati wake.

Suala hili linawagusa Wakenya pia. Wapo waliojiunga na jeshi la Marekani wakiwa wahamiaji, baadhi yao kupitia mpango wa MAVNI ulioidhinishwa mwaka wa 2008 na kusimamishwa 2016, ambao ulitambua Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zilizohitajika. Baadhi hurudi nyumbani kuishi au kutembea.

Kwa hao, VA ina Mpango wa Matibabu ya Kigeni, nao hulipia tu maradhi ambayo idara imekubali kwamba yalitokana na utumishi. Aliyeumia goti Iraq na kulipwa fidia kwa ajili yake anaweza kutibiwa goti hilo Nairobi au Eldoret na kudai fedha zake. Akipata malaria Kisumu au ajali barabarani Naivasha, gharama ni yake, na bima ya Medicare kwa kawaida hailipi nje ya Marekani. Meno hulipiwa tu kwa aliye katika makundi yaliyotajwa.

Dai hilo huwasilishwa katika miaka miwili, likiambatanishwa na bili inayoonyesha kila huduma na bei yake, maelezo ya daktari kuhusu ugonjwa uliotibiwa, na risiti ya malipo. Risiti inayotaja jumla pekee, bila kueleza mgonjwa alitibiwa nini, haitoshi. Ni vyema mgonjwa aombe maelezo hayo kabla ya kuondoka hospitalini, kwani kuyatafuta mwaka mmoja baadaye ni kazi ngumu.