Hii Ngoma ni ya Nani?

Santuri ndogo ya 45 haina nafasi kubwa. Kila upande unabeba dakika tatu, nne, ukiibana sana labda tano. Sasa chukua rumba ya Nairobi ya miaka ya 1970, wimbo wa dakika nane hivi, uambiwe uuingize humo. Walifanya nini? Waliukata katikati. Upande wa kwanza ukabeba mashairi: kisa cha mapenzi, malalamiko, salamu kwa jamaa wa nyumbani. Ukigeuza, upande wa pili ukabeba magitaa. Hapo waimbaji wamemaliza maneno yao, solo inapanda, ridhimu inaijibu, na besi inatembea chini kama mtu asiye na haraka. Waliokuwa wakicheza enzi hizo watakwambia densi yenyewe ilianza santuri ikigeuzwa.

Watu wa rika langu tumezikuta hizi ngoma zimeshaunganishwa, iwe ni YouTube au ndani ya matatu ya dereva mwenye umri wa babako. Hatujui zilikatwa wapi. Mkato wenyewe haukutokana na sanaa. Wimbo ulipimwa utoshee kitu ambacho mtu angelipia kaunta, akitie kwenye bahasha ya karatasi, na apande basi nacho hadi nyumbani. Ndiyo maana naona ukisimulia historia ya muziki wa Kenya kupitia wanamuziki peke yao, unaacha nusu yake nje. Hiyo nusu ilisimama nyuma ya kaunta.

Hebu fikiria ramani ya tao. River Road imelala upande wa chini wa Tom Mboya Street, na ukiifuata unakaribia Nyamakima, OTC na Machakos Country Bus. Kwa miaka mingi mtu aliyetoka Murang'a, Kitui au Siaya alishuka maeneo hayo, na akirudi alipandia hapo hapo. Katikati ya kushuka na kupanda kulikuwa na maduka ya muziki. Mengi yaliweka spika mlangoni zikitazama barabara, na hiyo ndiyo ilikuwa orodha ya nyimbo zinazovuma. Ngoma ikisimamisha watu kwenye veranda, mwenye duka alijua aagize maboksi zaidi. Wasiposimama, aliigeuza na kujaribu nyingine. Wafanyabiashara wadogo wa mashambani walinunua kwa jumla, basi likabeba, na kabla ya wiki kuisha wimbo uliorekodiwa Nairobi ulikuwa unapigwa kwenye baa ya soko ambalo mwimbaji hajawahi kufika.

Duka lenyewe mara nyingi ndilo lilikuwa lebo. Mwenye duka alilipia saa za studio, akachukua mkanda, akaupeleka kiwandani hapa hapa Nairobi santuri zichapwe, kisha akaziuza kwenye kaunta yake. Kampuni kubwa kama EMI na Polygram zilikuwepo mjini, lakini pembeni yao kulikuwa na hawa wa River Road waliomjua mnunuzi kwa lugha yake: Kikuyu, Kikamba, Dholuo, Kiluhya. Wanamuziki wengi walilipwa mara moja tu, wakapokea pesa zao mkononi na mkanda ukabaki kwa mwenye duka. Wengine walipiga hesabu hiyo vizuri wakahamia upande wa pili wa kaunta. Joseph Kamaru, ambaye tulimzika 2018, hakuimba tu. Alikuwa na biashara yake mwenyewe ya muziki, City Sounds.

Kuna Phares Oluoch Kanindo pia, aliyesambaza benga ya Waluo kwa lebo zake kabla ya kuingia bungeni. Santuri zake zilisafiri kusini hadi Zimbabwe, na huko wasikilizaji hawakuuita muziki huo benga. Waliuita kanindo. Msee wa kuuza rekodi alipewa heshima ambayo wapiga gitaa wenyewe hawakuipata, jina lake likawa jina la aina nzima ya muziki.

Wala si Nairobi pekee. Kericho kulikuwa na Chandarana, duka na studio katika mji wa majani chai, ambako bendi za Wakalenjin, Wakisii na Waluo zilirekodi bila kulazimika kufika mji mkuu. Mombasa kulikuwa na Mbwana Radio Service. Jina ni la duka la redio, lakini ni lebo iliyotoa taarab ya akina Juma Bhalo na Zuhura Swaleh. Ukitaka kujua Kenya ilizungumza nini kwa miaka thelathini ya kwanza ya uhuru, hizo ndizo kaunta za kuuliza.

Kwa sababu redio ilikuwa moja. Sauti ya Kenya ilikuwa ya serikali, nayo serikali iliamua kipi kipigwe. J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Kamaru alimwimbia, na wimbo huo ukanyimwa nafasi redioni. Lakini santuri ikishatoka dukani haina mtambo wa kuzimwa. Iko chini ya kitanda cha mtu kijijini, na kuitafuta nyumba kwa nyumba ni kazi nyingine kabisa. Baadhi ya mambo ambayo wazee wetu hawangeyasema kwa sauti, waliyanunua kaunta na kuyapeleka nyumbani ndani ya bahasha.

Kilichoyamaliza maduka haya ni kanda. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 kaseti zilienea, na zilikuwa na raha yake, kwa sababu wimbo haukukatwa tena. Lakini mtu yeyote mwenye mashine ya deki mbili aligeuka kiwanda. Alinunua moja, akatoa hamsini, na hakumlipa mtu. Chama cha hakimiliki ya muziki, MCSK, kiliundwa 1983, wakati moto umeshawaka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, biashara ya kuchapa santuri Nairobi ilikuwa imeisha. Kitu kingine kilipotea pale pale, polepole, na watu wachache walikigundua. Karatasi ya katikati ya santuri ilikuwa na jina la bendi, mtunzi, lebo na namba. Kanda ya kunakili iliandikwa kwa biro: "Zilizopendwa, ya tatu."

Mimi ni mtoto wa flashi. Nilikulia Umoja, na duka langu la kwanza la muziki lilikuwa kibanda cha jamaa mwenye kompyuta moja, feni iliyokuwa ikilia kama mbuzi, na ukuta uliojaa makava ya filamu. Ulimpa flashi yako na shilingi hamsini, akakujazia. Tulimwita Dii-Jei ingawa sikuwahi kumwona akicheza popote. Lakini msee alijua muziki! Ungemwimbia kipande, hata maneno ukiyakosea yote, angetulia, aangalie dari, kisha aseme, "Hiyo ni Les Wanyika, si Simba Wanyika. Usichanganye." Kisha angekueleza kwamba Simba Wanyika walitoka Tanzania, na kwamba Les Wanyika ni waliojitenga nao 1978. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nilikuwa nimetumwa niletee mama nyimbo za kanisa. Nilirudi nyumbani na rumba, na nikatumwa tena.

Kibanda kile hakipo siku hizi. Simu ilikiua. Sasa nina nyimbo nyingi kuliko maduka yote ya River Road yakiwekwa pamoja, ila nikisikia gitaa linalonishika sina wa kumuuliza. Pale kwenye maoni chini ya video, mmoja anaandika ni bendi hii, mwingine anaapa ni ile, wa tatu anasema babake alikuwepo wakirekodi. Video nyingine ina upande wa kwanza peke yake. Aliyeipandisha hakugeuza.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kujileta yenyewe. Nikapata kazi ya kupeleka vifurushi tao, na ndivyo nilivyomjua mzee ambaye nitamwita mzee tu, kwa sababu alinikataza kuweka jina lake mtandaoni. Duka lake liko ghorofa ya kwanza kwenye jengo moja karibu na River Road. Zamani lilikuwa duka zima. Siku hizi nusu moja amempangisha mama wa kava za simu, na yeye amebaki na rafu mbili, meza, na mashine ya kuchezea santuri ambayo sindano yake anaifunga kwenye kitambaa kama dawa.

Nilianza kupita pale saa ya lanchi. Siku moja alinionyesha santuri ya benga. Jina la kikundi lilikuwepo, mtunzi alikuwepo, na namba pia. Mwaka haukuwepo. Ni hivyo kwa nyingi sana za Kenya, hazikuandikwa mwaka. Nikamuuliza anajuaje ni ya lini.

"Sikiza besi, kijana," akasema. "Huyu si yule wa kwanza. Yule alikuwa na mkono mzito, alitoka wakakosana. Hii niliiuza wakati wa ile michezo ya Afrika, Kasarani."

Michezo hiyo ilikuwa 1987. Nikaandika. Kesho yake nilikuja na daftari la kurasa mia mbili.

Tangu hapo nimeelewa kwamba zile santuri ni nusu ya hazina, na nusu nyingine ni yeye. Kuna wakusanyaji wa kutoka nje wanaokuja kununua kwa boksi, na siwezi kumlaumu akiwauzia, maana kodi haisubiri utamaduni. Wala siwezi kusema wote ni wezi. Lebo ya Uingereza, Soundway, ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special 2013, na nyimbo zilizokuwa zimesahaulika zilipata masikio mapya. Hapa nyumbani Melodica ya Tom Mboya Street, iliyofunguliwa 1971, ilihifadhi santuri ambazo wengine walitupa. Jimmy Rugami amekuwa Kenyatta Market kwa zaidi ya miaka thelathini, kati ya nyama choma na wasusi, na vijana wanampelekea pesa zao. Santuri zitaokoka, nyingine hapa, nyingine Berlin. Ninachokiogopa ni zile habari za mkono mzito wa mpiga besi. Hizo haziingii kwenye boksi.

Mwaka jana mwanamke mmoja alipanda zile ngazi akiwa na picha. Babake alikuwa mpiga gitaa wa bendi, alifariki yeye akiwa mtoto mchanga. Jina la bendi hakulijua. Alichokuwa nacho ni mistari miwili ambayo mamake aliiimba akifua nguo, na hata hiyo hakuwa na uhakika nayo. Mzee alimwambia, "Mama, rudi baada ya wiki tatu."

Alirudi. Mzee alikuwa ameipata, 45 yenye mkwaruzo upande mmoja. Jina la baba halikuwa popote kwenye ile karatasi, kwa sababu hakuwa mtunzi wala kiongozi wa bendi. Mzee aliuacha upande wa kwanza, akaigeuza, akashusha sindano.

"Huyu wa solo ni mwingine," akamwambia. "Ngoja. Huyu sasa, anayejibu. Huyu ndiye babako."

Hakuwa na mashine ya kuchezea santuri nyumbani, kwa hivyo alishika simu yake karibu na spika, akairekodi hivyo hivyo, na honi za matatu zikiingia dirishani. Yule mama wa kava alizima redio yake bila kuambiwa. Ilichukua dakika nne. Hakuna mtambo wa kutafuta nyimbo ungempa mtu yule babake, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwepo. Palikuwa na mtu mmoja tu mjini aliyejua.

Tunabishana kuhusu haki za wanamuziki, na tuna sababu. Hata "Malaika" yenyewe, wimbo ambao dunia nzima inaujua, hadi leo watu wanavutana ni nani hasa aliutunga. Lakini ugomvi wa "Malaika" ni wa majina makubwa. Chini yake kuna mamia ya wapiga ridhimu, besi na ngoma ambao walilipwa siku moja na hawakuandikwa kabisa. Watoto wao wako hai. Wengine labda wanasoma hapa.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ukienda shags Desemba, kuna boksi mahali, chini ya kitanda au juu ya kabati, na mtu anakaribia kulitupa. Litoe. Huna haja ya mashine. Piga picha karatasi za pande zote mbili, kisha keti na yule anayezikumbuka. Usimuulize tu kama wimbo ulikuwa mtamu. Muulize aliununua wapi, mwaka ule nyumbani kulikuwa na nini, na ni nani anayepiga gitaa upande wa pili. Andika hata asipokuwa na uhakika, na uandike kwamba hakuwa na uhakika.

Sisi tumeshaandika santuri 212. Mzee anasema mwenye jengo ametaja Juni, na rafu ya pili hatujaigusa. Daftari la kwanza limejaa. Jumamosi tunaanza boksi la Wakamba.