Mbwa Mkali, Mwenye Mbwa na Kifungu cha 233

Pita Bunju au Boko jioni, au upande wa pili wa jiji la Dar es Salaam, Chamazi na Toangoma, utakuta geti limeandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA MKALI. Mahali pengine nyumba yenyewe bado ni pagala. Halijaezekwa, lakini mbwa keshafungwa kwenye nguzo, analinda mabati na mifuko ya saruji. Mji umekimbia mbele, kituo cha polisi kiko mbali, kila mwenye kiwanja anajilinda anavyojua. Je, mbwa huyo akivunja mnyororo, sheria inamkamata nani?

Jibu lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1920 Waingereza walianza kutumia Tanganyika Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotungwa mwaka 1860. Kifungu chake cha 289 kilimtia hatiani mtu aliyezembea kumdhibiti mnyama wake hadi maisha ya wengine yakawa hatarini. Adhabu ilikuwa kifungo kisichozidi miezi 6, faini isiyozidi rupia 1,000, au vyote viwili. Mwaka 1930 Tanganyika ikapata Kanuni ya Adhabu yake, na leo jambo hilo limo katika kifungu cha 233 cha Sura ya 16, pamoja na uendeshaji wa gari kizembe na uchezaji na moto. Asiyechukua tahadhari juu ya mnyama aliye naye ana kosa. Aina ya mbwa haikutajwa, wala ukubwa wake.

Fidia nayo ina njia yake. Mahakama zetu zilirithi sheria ya mazoea ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na sheria hiyo huuliza: mwenye mbwa alijua kwamba mbwa wake hung'ata? Hapo lile bango la getini linaweza kumgeuka aliyeliandika. Yeye anadhani limemkinga, kumbe aliyeng'atwa anaweza kulishika kama ushahidi kwamba mwenyewe alijua.

Uingereza baadaye ikashika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne: pit bull terrier, Tosa ya Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Mwishoni mwa 2023 XL Bully akaongezwa. Polisi wa huko sasa hupima kichwa, kifua na miguu ili kujua kama mbwa yumo kwenye orodha. Binafsi naona ni heri hatukuiga. Askari wa Mbagala ana kazi za kutosha bila kubishana na mtu kuhusu nasaba ya mbwa chotara.

Chombo anachokijua askari huyo ni fomu ya polisi, PF3. Aliyeng'atwa hufika kituoni, maelezo yanaandikwa, fomu inakwenda kwa daktari naye anaeleza jeraha. Mara nyingi shauri linamalizwa mtaani: mwenye mbwa analipia matibabu, mjumbe anashuhudia, kifungu cha 233 kinabaki kitabuni. Huo ndio udhaifu wetu, si ukosefu wa sheria.

Tena mbwa anayeua zaidi hapa si yule wa kifahari wa Masaki. Ni mbwa wa kawaida mwenye kichaa. Hapo jirani, Kenya ilithibitisha ugonjwa huo tangu mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa kichaa cha mbwa kiliua watu wapatao 1,499 kwa mwaka Tanzania, ilhali taarifa rasmi zilionyesha wastani wa vifo 11 hivi. Kuwapiga risasi mbwa koko hakukuukomesha ugonjwa. Kinachoukata ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Kuanzia mwaka 2010 mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulichanja mbwa kusini mashariki mwa nchi na Pemba, na Kinondoni, Ilala na Temeke zilikuwamo.

Mbwa wako mchanje, mfunge, tunza kadi yake. Na ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wahi hospitali ukapate chanjo siku hiyohiyo. Foleni ya PF3 isikucheleweshe.